Fungua Kwanza, Ndipo Uzike

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo umri haujaifuta. Ni siku tuliyomzika dada yangu kule Mawengi, nami nikiwa binti mdogo wa shule. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya mahindi, hata waliochimba kaburi tuliwasikia bila kuwaona. Kabla sanduku halijafungwa nilivua kitambaa changu cha kichwani nikamfungia dada miguuni, maana alikuwa mtu wa kuhisi baridi sana. Bibi yangu akakiona. Akaingiza mkono, akakifungua mbele ya watu wote.

“Hiki ni cha nani?”

“Changu, Bibi.”

“Na wewe unakwenda naye?”

Akanifunga kitambaa mwenyewe, akakaza mpaka kichwa kikaniuma. “Kilicho cha mzima hufunguliwa kwanza, ndipo tunazika,” akasema. “Aliyelala hana ubaya. Anavuta kwa sababu kimefungwa kwake.”

Nilikua, nikaolewa, na maneno hayo nikayaweka mbali. Mtu akishiba hakumbuki kuni zilizopika.

Mume wangu Klemensi alifariki mvua zilipokatika. Tulikuwa tunakaa Mjimwema, Njombe, mimi na yeye na mjukuu wetu Beni, ambaye mama yake anafanya kazi mbali. Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, na tumo katika kikundi cha wafugaji kinachosaidia wanachama wake wakiugua. Majina ya wanachama yamo kwenye programu ya simu aliyoitengeneza Atilio, mtoto wa kaka yangu, anayeishi Makambako. Aliwahi kuniambia kwamba majina hayo hayakai kwenye simu, yanakaa kwenye wingu. Niliangalia juu, akanicheka. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mwanangu, na sioni haya kusema.

Matanga yalipoanuliwa nilimpigia Atilio nikamwomba amtoe marehemu kwenye programu. “Nimeshamtoa, Shangazi,” akajibu hapo hapo, kama mtu anayepangusa meza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka maziwa kituoni. Tulizo, binti anayeyapokea, akabonyeza simu yake, akabonyeza tena.

“Bibi, hupo.”

“Sipo wapi?”

“Humu. Wewe hupo, Beni hayupo, hata ng'ombe wako hayupo. Sasa sijui haya maziwa umemkamua nani.”

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka. Lakini wakati wa kurudi, ukungu ukiwa bado haujainuka, nilipishana na jirani ambaye tunasalimiana kila siku. Nilimsalimu. Akapita bila kuitika. Huenda hakunisikia.

Nikamchukua Beni, tukapanda gari la Makambako ili Atilio anieleze ana kwa ana. Beni alikuwa na kikohozi kidogo tangu msiba. Njiani mwili ukaanza kuwaka, na tulipofika stendi nilimwita, akanitazama kama mtu asiyenijua. Nikamkimbiza hospitali. Nesi akampokea, akampa dawa ya homa, akasema alazwe. Karani akatafuta jina lake katika orodha ya kikundi, maana ndicho kinacholipia kitanda.

“Mtoto huyu hayupo, mama.”

Wazee husema liandikwalo ndilo liwalo. Nilikaa kwenye benchi nikajiuliza: na lililofutwa?

Nikampigia Atilio, akaja na kompyuta yake, akaiweka magotini, akatafuta kwa muda mrefu. Nyuma ya pazia nilimsikia Beni akikohoa.

“Ni sasisho jipya la programu, Shangazi,” akasema hatimaye. “Zamani kila jina kwenye kanzidata lilijitegemea. Sasa yamefungamana. Mke, mtoto, ng'ombe, wote wamefungwa kwa mkuu wa kaya. Ukimfuta yeye, waliofungwa kwake wanafutika wenyewe.”

“Kwa nini?”

“Hakuna sababu. Ni kwa kuwa wamefungwa kwake.”

Nywele za kisogoni zilinisimama. Sauti ilikuwa ya Atilio, lakini maneno yale niliyajua tangu Mawengi.

“Turudishe,” nikamwambia.

“Naweza. Sasisho hilo hilo linaruhusu kurudisha kaya ilivyokuwa kabla sijafuta. Lakini halirudishi nusu. Nikiwarudisha nyinyi, na yeye anarudi.”

Akabonyeza. Ndani ya mkoba wangu simu ya Klemensi ikaita. Nilikuwa sijaweza kuizima tangu azikwe. Nikaitoa nikasoma: “Karibu tena, Klemensi. Kaya yako imekamilika.”

Sitakudanganya, mwanangu. Nilimwambia Atilio aache hivyo hivyo. Nilitaka tubaki kaya iliyokamilika. Nikaishika ile simu kwa mikono miwili, na hapo nikagundua kwamba nyuma ya pazia kikohozi kimenyamaza.

“Tufungue,” nikasema. “Mmoja mmoja. Anza na Beni.”

“Akifunguliwa lazima afungwe kwa mwingine, Shangazi. Programu inauliza mkuu wa kaya sasa ni nani.”

Tangu siku ya maziko watu walikuwa wakiniuliza hivyo kwa maneno mengine, na kila mara niliinama. Safari hii pazia lilikuwa kimya.

“Mimi,” nikajibu. “Andika mimi.”

Akamfungua Beni, akamfunga kwangu. Akamhamisha na ng'ombe. Mwisho akanifungua mimi mwenyewe kwa mume wangu. Klemensi akabaki peke yake kwenye kioo cha kompyuta, jina bila mtu. Nikasema, “Sasa.” Atilio akamtoa, na safari hii hakuna mwingine aliyeondoka. Karani akaita jina la Beni. Nesi akafungua pazia. Mtoto alikuwa amelala usingizi, anapumua. Alilazwa, akatibiwa, akapona.

Sisemi kwamba mashine ilimvuta mtoto. Daktari alisema ni kichomi, na dawa ndiyo iliyomponya. Nakueleza nilichokiona, na kile ambacho mpaka leo sikielewi nakuachia kama kilivyo.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayejua vyombo hivi kuliko mimi. Kabla hujaondoa chochote, jina kwenye mashine, mtu kazini, au mpendwa moyoni, uliza kwanza ni nani amefungwa hapo. Wafungue waliobaki kwa upole, mmoja mmoja, uwape pa kushikia. Na ukimtaka aliyekwenda arudi, angalia ni nani anayelipia kurudi kwake.

Mungu akujalie mikono isiyo na pupa. Na siku utakayoulizwa ni nani amebaki, akupe sauti ya kujibu.