Bunduki Mbili Ambazo Sikuzijaribu

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipogonga nyundo mara mbili na kumtoa mtu jicho. Nakuambia mapema usije ukadhani nataka kujisifu. Unajua mimi nina hasira na watu wa kazi nusunusu, na mmeshanicheka sana kwa hilo. Leo nitakwambia hasira hiyo ilianzia wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, fundi msaidizi katika karakana ya bunduki hapa Machakos. Mwenyewe alikuwa Mzee Nzuki, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa na kibali cha serikali na mikono iliyonuka mafuta hata akiwa kanisani. Wateja wetu walikuwa wenye mashamba makubwa. Wengi walituletea bunduki kuukuu za kijeshi, za aina ile ambayo wazee wetu wa Ukambani waliibeba mpaka Burma katika vita vya Mwingereza. Zilikuwa bunduki nzuri, ila zilitengenezewa risasi ya zamani, yenye ukingo kitakoni, na risasi hiyo ilikuwa imeadimika. Majeshi yalishahamia risasi mpya kitambo, fupi kidogo lakini yenye msukumo mkubwa zaidi. Kwa hivyo kazi yetu ilikuwa kuziwekea mtutu mpya ili zikubali risasi mpya.

Mzee alinieleza kwamba si sisi tuliobuni jambo hilo. Nchi nyingi ziliona ni hasara kutupa maghala mazima ya bunduki, zikazibadilisha. Wahindi walienda mbali zaidi, wakaunda bunduki ya umbo lile lile kwa chuma kigumu zaidi, maana walijua msukumo umeongezeka. "Lakini sisi tuko na chuma ya zamani," aliniambia. "Moja inaweza kubeba, ingine ikatae. Kwa macho huwezi kujua."

Ndiyo maana kila bunduki ilijaribiwa. Tuliifunga kwa kamba ya katani juu ya tairi la lori, kwenye machimbo ya mawe nyuma ya karakana, kisha tukajificha nyuma ya ukuta na kuifyatua kwa uzi mrefu. Ikishinda, mimi nilipiga alama ndogo ya nyota kwenye chuma chake. Halafu mwenye mali akija, Mzee Nzuki aliiweka begani mwake na kupiga risasi ya kwanza, mbele ya mteja. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Hakuwahi kuniuliza kama nimeijaribu. Aliangalia nyota tu.

Sasa Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya ntheo yangu, kupeleka mbuzi wa posa. Unajua mambo yetu, wale mbuzi watatu wasipofika kwa wakwe, huna mchumba. Watu walikuwa wanatungoja Mumbuni, kwa kina mama yako. Mbuzi nilikuwa nao hapo nje ya karakana, na kamba yao ilikuwa imekatika. Mezani nilikuwa na bunduki mbili nilizozimaliza asubuhi, zinang'aa. Nilichukua kamba ya kujaribia, nikafunga mbuzi. Nikapiga nyota ya kwanza, nikapiga ya pili. Nilijiambia tumebadilisha nyingi na hakuna hata moja iliyokataa. Nikaenda zangu Mumbuni, nikala nyama na kuimbiwa.

Jumatatu akaja mkulima wa Ndithini kuchukua yake. Mzee akaangalia nyota, akaiweka begani. Ningeweza kusema neno. Mdomo ulikuwa wangu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na aibu ikanifunga ulimi.

Ule mlio haukuwa wa bunduki. Ulikuwa mkavu, wa chuma kupasuka. Mzee Nzuki alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka na safari, kiganja usoni, damu ikipita katikati ya vidole. Hakupiga kelele hata kidogo. Mkulima ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilibaki pale nimeganda, naangalia kipande cha chuma kwenye vumbi na nyota yangu bado iko juu yake. Mpaka leo nikifumba macho nakiona.

Hospitalini walisema jicho la kulia halipo tena. Nilipoingia, kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Alinijua kwa hatua zangu.

"Kyalo, kamba ilikuwa wapi?"

"Mumbuni, Mzee. Nilifungia mbuzi."

Nilingoja matusi, na nakuapia niliyatamani.

"Mbuzi zilifika?"

"Zilifika."

"Hiyo ni sawa. Ile bunduki ingine usiiguse mpaka nirudi. Na uende ulete kamba."

Nilishangaa nikashindwa hata kulia. Nilienda Mumbuni, nikasimama mbele ya nyanya yako, mama mkwe wangu, siku tatu tu baada ya ntheo, kudai kamba ya mbuzi. Aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamweleza kila kitu, na mama yako akisikia. Nyanya yako aliifungua kamba yeye mwenyewe, akanipa. Nilidhani mchumba pia nimempoteza.

Mzee alirudi kazini baada ya miezi miwili. Mwenye ile bunduki ya pili, mtu wa Kithyoko, alikuwa ameitwa. Niliifunga kwenye tairi. Nilirudia fundo mara nne. Nilivuta uzi, ikalia vizuri. Nikaichunguza kila mahali, nikaifunga tena, nikavuta tena. Ilikuwa nzima.

Nikamwambia, "Mzee, hii acha nipige mimi."

"Karakana ni ya nani?" akauliza. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu nimjue. "Umeijaribu?"

"Nimeijaribu, Mzee."

Hakuangalia nyota. Aliihamishia bega la kushoto, akaegemeza shavu, na lile jicho lake moja lililobaki akaliweka karibu na chuma nilichokishika mimi. Nilitaka kumnyang'anya. Akapiga. Kopo tulilokuwa tumeliweka juu ya jiwe likaanguka.

"Mpe mwenyewe," akasema, akaenda kunawa mikono. Mimi nilikaa kwenye lile tairi nikalia kama mtoto, mbele ya mteja.

Mwanangu, ulinipigia simu juzi ukaniambia hapo kiwandani mnasaini fomu za ukaguzi bila kukagua, kwa sababu kila mtu anafanya hivyo na gari la kuwarudisha nyumbani linangoja. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kukujibu. Jibu langu ni hili: usiweke sahihi yako mahali ambapo hukuangalia. Kuna mtu usiyemjua ataisoma, ataamini, ataweka uso wake hapo. Na kama umeshasaini, rudi useme leo, hata kama utaaibika, maana mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa Mzee Nzuki na sikusema.

Mungu akupe watu wa kukuamini bila kukuuliza, na akupe moyo wa kustahili imani yao. Akulindie macho yako yote mawili, na ya wenzako.