Kona, Upana, Kimo

Mwalimu wa kompyuta pale Eastleigh alikuwa na mazoea ya kuchora mstatili hewani. Kidole chake chenye vumbi la chaki kiligusa kona ya juu, kikaenda kulia, kisha kikashuka. “Kona, upana, kimo,” alisema polepole, kama anayebembeleza mtoto. Lusweti, mchoraji mabango ambaye kazi yake ilikuwa ikimezwa na mashine hizo, alimpenda kwa subira hiyo ambayo walimu wa leo wameizika. Lakini mstatili wa Lusweti ulikataa kuonekana kwenye skrini. Alikuwa ameanzia chini, kama apimavyo ukuta, nayo kompyuta huhesabu kutoka juu ikishuka. Umbo likazama nje ya skrini.

“Fundi, rangi imekuishia?” vijana wakamcheka. Lusweti akachukua kofia yake, akainuka aondoke asirudi tena. Mwalimu hakuwakemea. Aliikumbatia skrini nzito, ya pekee darasani, akaipindua kichwa chini juu ya meza, akahema, akamgeukia Lusweti. “Haya, Baba Triza. Anzia chini, upande wa kulia.” Lusweti akaketi, akahesabu upya, akaandika namba zake. Mstatili ukasimama, mweupe kama mlango.

“Na sisi tutasomaje, Madam?” vijana wakauliza.

“Inameni.”