Majembe Hulala kwa Mwenye Pombe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu pale Mbinga, mwanangu, ilikuwa siku ya soko, msimu wa kahawa, baridi imetukalia mabegani na vumbi limeingia mpaka kwenye glasi. Nilikuwa binti ambaye bado hajaolewa, nikiuza kwenye baa ya shangazi yangu Benedikta. Nimesikia umepata leseni ya vileo na unafungua baa yako huko Liuli, kwenye njia ya kushukia ufukweni. Hongera. Sitakufundisha kuuza bia, kwa sababu bia hujiuza yenyewe. Kaa nikusimulie habari ya ufunguo.

Baa ya shangazi ilikuwa kando ya barabara inayopanda kwenda Litembo. Bodaboda zilikuwa hazijazaliwa. Aliyetaka kupanda milimani alitembea, au alisubiri pikapu ya Otmari, kuukuu lakini ya kuaminika. Otmari alikuwa kijana mcheshi, mkarimu, wa kununulia meza nzima, na shangazi alimpenda. Kila siku ya soko aliegesha mbele ya baa, abiria wakapakia mizigo, naye akaingia kunywa mbili tatu huku gari likijaa. Hakuna aliyeona ajabu. Usikunje uso, hata leo yapo.

Siku hiyo dada yangu Skola alikuwa miongoni mwa abiria. Mimba yake ilikuwa imetimia, na alikuwa ameambiwa akasubirie hospitalini Litembo, maana mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani na hakuishi. Hiyo ndiyo shida tuliyokuwa nayo, ishike vizuri: dada alitakiwa afike Litembo kabla uchungu haujamkamata, na gari lilikuwa hilo moja.

Malipo ya kahawa yalikuwa yametoka, kwa hiyo kila aliyeingia alitaka kumnunulia mwenzake. Otmari alianza na zake, zikafuata za rafiki, zikafuata za rafiki wa rafiki. Shangazi alikuwa jikoni akigeuza nyama. Aliporudi kaunta alimkuta Otmari anasimulia kisa kilekile kwa mara ya pili, kwa watu walewale. Hakukagua chupa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka pale pa kucheka, kisha akauchukua ufunguo wa gari uliokuwa umewekwa kando ya glasi, akautumbukiza kifuani, ndani ya nguo, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu asingethubutu kuufuata.

Otmari alidhani ni utani. Akatania na yeye. Alipoona shangazi hacheki tena, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsitiri mkubwa wake, "Mama, nipe ufunguo. Watu wananisubiri."

"Hao watu ndio wanaonifanya nisikupe," shangazi akamjibu.

Basi pakachafuka. Abiria nje walipopata habari, hawakumkasirikia Otmari. Walimkasirikia shangazi. Mmoja alisema mama huyu ameanza kuringa tangu apate leseni. Mwingine alisema kama alijua bia ni mbaya kwa nini anaiuza. Wengine walishusha mizigo wakaanza kutembea, wakitukana njiani. Binadamu ndivyo tulivyo, tunamchukia anayefunga mlango na kumsahau aliyewasha moto.

Na mimi nilikasirika kuliko wao, nikuambie ukweli. Nilimwona dada amekaa juu ya gunia, mkono kiunoni, midomo imekauka, nikajua uchungu umeanza kumchungulia. Nikamvuta shangazi pembeni, nikamwambia biashara haigombi, tena mteja kama Otmari hapatikani kirahisi. Nikamwambia Skola atazalia barabarani kwa sababu ya ubishi wake. Kisha nikatoa neno ambalo niliona halina jibu. Nikamwambia kwetu Umatengo hatumnyimi mtu pombe, wala hatumwaibishi mtu kwa kunywa pombe tuliyompa wenyewe.

Hapo nieleze kidogo, maana nyie wa pwani ya ziwa huenda hamuijui ngokela. Kwetu mlimani, mtu mwenye shamba kubwa hupika pombe ya mahindi, akaita majirani waje kumlimia. Huchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kwenye miteremko, mpaka jua ligeuke, ndipo hukaa wakanywa. Kumruka mtu kata ya pombe inapozunguka ni sawa na kumfukuza. Nimekulia katika hilo, na nilidhani baa ni ngokela yenye paa la bati.

Shangazi hakunikaripia. Aliniuliza, kwa sauti ambayo Otmari na baa nzima waliisikia, "Kwa bibi yako, ngokela ilipoisha, majembe yalilala wapi?"

Sikutaka kujibu. Lakini mtu mzima akikuuliza, unajibu. Nikasema yalilala kwa bibi.

"Kwa nini?"

Nikasema kwa sababu bibi hakutaka mtu ashuke mteremko amelewa na jembe begani. Walirudi kuyachukua asubuhi.

"Basi ulikumbuka kata ukasahau jembe," akasema. "Majembe hulala kwa mwenye pombe. Pombe ni yangu, na njia ya kurudi kwao ni yangu mpaka wafike."

Alipomaliza hakusimama pale kufurahia maneno yake. Alifunga baa, mchana kweupe, siku ya soko, msimu wa kahawa. Wewe umepata leseni juzi, lakini nadhani unaelewa maana ya kufunga siku kama hiyo. Akamwekea Otmari sahani ya ugali na nyama na jagi la maji, akamtandikia mkeka chumba cha nyuma, akaniachia kazi ya kumlinda. Kisha akatoka kwenda kwenye ghala la kahawa, ambako kulikuwa na lori linalojiandaa kwenda kuchukua mzigo juu Litembo. Dereva wake hakuwa mnywaji na hakuwapenda wauza pombe, na alimwambia hivyo usoni. Shangazi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimbembeleza mtu, alimbembeleza yule. Sijui alimpa nini au alimwahidi nini. Nilichoona ni lori kusimama mbele ya baa, shangazi akimpandisha Skola mbele, na yeye mwenyewe akidandia nyuma kwenye magunia matupu, kitenge kichwani.

Nilibaki na Otmari. Alitukana mpaka akachoka, akala, akalala. Mimi nilikaa mlangoni na hofu yangu. Sijawahi kusali rozari ndefu kama ile.

Asubuhi shangazi alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Skola alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, ndiye huyo Benedikta mnayemwita Dada Bene. Nililia, sioni haya kusema. Shangazi akaenda kwa Otmari, akampa ufunguo wake na chai. Chai hakuinywa. Aliuchukua ufunguo, akatoka bila kusalimia, na kuanzia siku hiyo alikunywa baa ya ng'ambo ya barabara. Marafiki zake wakamfuata. Tulikaa miezi tukifuta meza ambazo hazijakaliwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na baa haikufa, lakini nisikudanganye kwamba haikuumia.

Sasa utaniuliza: je, Otmari angepata ajali? Sijui, mwanangu. Shangazi hakujua. Labda angefika salama, akashusha watu, akapiga honi. Alikuwa amefika salama mara nyingi akiwa hivyohivyo. Jambo lililozuiwa halina ushahidi. Ukimzuia mtu asife, hakuna maiti ya kuwaonyesha watu kwamba ulikuwa sahihi. Utabaki na lawama yako mkononi, na wahenga walisema bora lawama kuliko fedheha, ingawa hawakusema kwamba lawama ni tamu.

Otmari alizeeka, na shangazi akazeeka zaidi. Walipishana barabarani miaka yote hiyo kama mti na jiwe. Shangazi alipofariki, watu walikuja kuchimba kaburi, kila mmoja na jembe lake kama ilivyo desturi, na katika kuinua uso nikamwona Otmari ndani ya shimo, mzee mwenye mvi, akichimba taratibu bila kupokezana na mtu. Baada ya mazishi alikaa na wazee wenzake, akapewa pombe, akanywa kiasi. Alipoaga, aliliegemeza jembe lake kwenye mlango wa shangazi akaanza kuondoka. Nikamfuata, nikamwambia, "Mzee, umesahau jembe."

"Sijasahau," akasema. "Majembe hulala kwa mwenye pombe."

Alikuja kulichukua asubuhi. Akapiga hodi, akaingia, na chai akainywa.

Basi nasaha yangu ni hiyo, mwanangu, na iliyobaki ni matawi yake. Leseni itundike ukutani ionekane, ufungue saa yake na ufunge saa yake, lakini usidhani karatasi ndiyo inayoendesha baa. Chakula kisikosekane jikoni, na maji ya kunywa uyatoe kabla hayajaombwa. Mtoto asinunue kwako, hata akisema ametumwa na baba yake. Mwambie baba aje. Mtu akianza kusimulia kisa mara ya pili, usimwongezee pombe. Mwambie kwa upole, akiwa bado na akili ya kusikia, usingoje mpaka muaibishane. Huko Liuli magari ni machache, wewe tatizo lako ni mitumbwi. Atakayeingia kwako kabla ya kwenda kuvua, muulize kwanza, anaingia majini leo? Kama anaingia, mpe soda. Kama ameshalewa, kasia lake liingie ndani kwako lilale. Atakutukana. Mtandikie mkeka atukane akiwa amelala.

Mungu aibariki baa yako, mwanangu. Akupe wateja wema na uvumilivu kwa wasio wema. Na kila kasia litakalolala kwako, mwenyewe aje asubuhi kulichukua.