Mzee Ayamga na Kofia Kavu

Kwenye kishkwambi kulikuwa na alama kumi na tisa, moja kwa kila pini ya kofia ya kupimia ubongo, na zote zilikuwa nyekundu: hakuna pini iliyokamata wimbi. Mzee Ayamga alizitazama kama anavyotazamwa mgeni anayerudi kula kwa mara ya tatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepima mawimbi ya ubongo hapo hospitali ya Bolgatanga, kaskazini mwa Ghana, na hakuna kichwa kilichowahi kumshinda mpaka walipomletea kofia hii.

"Ni kavu," wakubwa wa hospitali walimwambia siku walipoileta. "Haitaki maji, haitaki ule ute wako wa chumvi. Unamvika mtu, unabonyeza, basi." Siku hiyohiyo mashine ya zamani ilibebwa ikatupwa stoo, pamoja na kalamu zake za wino zilizochora mawimbi.

Kitini alikaa Perpetua, mshona nguo wa miaka ishirini, mkono wa kushoto ukiwa kwenye bendeji. Wiki ya Krismasi kifafa kilimwangusha kwenye moto ambao mama yake alikuwa akipikia pombe ya mtama. Dawa alizokuwa akimeza hazikumfaa. Daktari Eshun, ambaye huja mara moja kila miezi mitatu, alisema wazi asubuhi ile: bila mawimbi safi habadilishi dawa, na saa sita gari linaondoka. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"We mtumwa wangu," alisema Mama Eulalia, mama wa binti, toka kwenye benchi. "Kofia imekushinda? Kingekuwa kichwa cha mbwa ungeshajua pa kukamata."

Yeye Mdagaaba, Ayamga Mfrafra, makabila mawili yanayotupiana kichwa cha mbwa kwa mzaha. Watani tangu enzi za mababu. Mama huyo alikuwa hajanyamaza tangu aingie.

"Nyamaza wewe. Vichwa walikula babu zako, sisi wakatuachia mikia."

Ayamga akazima feni, umeme wake usije ukaichanganya kofia. Akazima taa ndefu ya darini. Akachomoa chaja ukutani, akampokonya Mama Eulalia simu akaiweka nje dirishani. Akamwambia Perpetua alegeze taya na asipepese macho. Nyekundu. Akaikaza kofia mpaka binti akalalamika.

"Baba, inauma."

Nyekundu. Akaivua, akapitisha kidole katikati ya misuko. Kidole kiliteleza. Akakinusa: mafuta ya shea, na pini hazishiki penye mafuta.

"Nani kampaka mafuta?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Si nilisema aoshwe kichwa!"

"Na nimemwosha! Jana, kwa sabuni, mara mbili. Kisha nikampaka. Ulitaka nimlete mbele ya daktari na kichwa kimepauka, na upepo huu wa Januari unavyopasua watu midomo? Waseme binti huyu hana mama?"

Ayamga akajipapasa utosini. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimepakwa na mkewe alfajiri. Kuosha kichwa bila kukipaka mafuta majira haya ni kazi ya nusu, na kila mtu Bolga anajua hivyo. Zamani jambo hili halikuwa na haja ya kusemwa. Ulikaa na mgonjwa saa nzima, ukapima kichwa kwa utepe, ukagawa nywele, ukasugua kila sehemu kwa pamba, ukabandika ute. Mafuta yaliishia mikononi mwako na mgonjwa akawa amekueleza habari za nyumba yao yote. Siku hizi mashine zinatengenezwa ili mtu asimguse mwenzake, na watengenezaji wenyewe hawajawahi kuona kichwa kilichosukwa.

"Tufumue," akasema.

Wakafumua kwa mikono mitano: miwili yake, miwili ya mama, na mmoja mzima wa Perpetua. Wakaosha kwenye beseni, wakakausha kwa kanga, Ayamga akapangusa ngozi ya kichwa kwa spiriti. Ilipotimu saa tano na robo akamvika kofia, akizungusha kila pini taratibu mpaka ifike kwenye ngozi.

Nyekundu. Zote kumi na tisa.

Alitukana kwa Kifrafra, tusi ambalo Mama Eulalia alilielewa akalicheka. Kisha akatulia. Pini moja ikikataa, kosa ni lake. Lakini zote kwa pamoja? Kuna kitu kimoja zinachokitegemea. Akashika kibanio kilichobana ndewe ya sikio la binti, ambacho pini zote hupimwa kwacho. Kikamteleza mkononi.

"Na masikio umempaka?"

"Kwani masikio si ngozi?"

Akaisugua ndewe mpaka ikawa moto. Kisha, kwa kusudi kabisa, akachovya pamba kwenye maji ya chumvi, akailowesha ndewe, akabana. Haitaki maji! Alama zikaanza kugeuka kijani, moja baada ya nyingine, hadi kumi na sita. Tatu za kisogoni zilibaki njano, akaziacha na kiburi chao.

Perpetua akafumba macho. Mawimbi yakapita kwa utulivu dakika tisa, kumi. Ndipo kwenye pini za upande wa kushoto, juu ya sikio, mstari ukachomoza kama mwiba, alama ya kifafa. Ukarudi. Ukarudi tena.

"Nini hicho?" akauliza Mama Eulalia.

"Subiri kidogo, mama."

Kwa kuwa hakumtania, mwanamke yule akaogopa, akakamata ukingo wa benchi.

Daktari Eshun alisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Akauliza maswali mawili, akaandika dawa nyingine. "Ile ya mwanzo haikuwa ya kifafa cha aina hii," akasema. Kisha akampiga Ayamga begani. "Umeona, mzee? Kofia hizi zimerahisisha mambo. Sasa mtu yeyote anaweza kupima."

Ayamga alianza kumweleza habari za mafuta. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni.

Perpetua, nywele zimesimama pande zote, alikuwa ameshika karatasi ya dawa kwa mkono wake mzima.

"Baba, nitarudi kwenye cherehani?"

"Meza hizo kwanza. Baada ya miezi mitatu uje nikupime tena."

"Kwa kofia hii hii?"

Mzee Ayamga akaanza kung'oa nywele zilizonasa kwenye pini.

"Kwa hii hii," akasema. "Uje asubuhi na mapema."