Neno la Supu

Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Gisenyi, karibu na ziwa, kwa hiyo neno "bland" nalijua kuliko ninavyotaka. Wageni hulisema wakirudisha supu. Sisi tungesema chapwa, lakini ukimpelekea mpishi neno hilo ananuna siku nzima, ndiyo maana mimi humwambia tu aongeze chumvi na pilipili. Nilidhani ni neno la chakula. Kumbe na watu wanaitwa hivyo.

Mchumba wangu alimleta shangazi yake, aliyekulia Kampala, aje anione. Bila yeye kukubali, hakuna harusi. Mama alinionya tangu asubuhi: "Usiongee sana. Wakikuuliza, jibu kidogo." Ndivyo msichana anavyotakiwa kukaa mbele ya wakwe. Mimi, ninayegombana kila siku na wageni wanaodai vyumba tusivyokuwa navyo, nikainamisha macho na kumimina chai kama bubu.

Shangazi alinitazama, kisha akamwambia mchumba wangu kwa Kiingereza, bila hata kupunguza sauti, kwamba sura ninayo, ila ni "bland". Hakudhani ninaelewa, maana nyumbani tunaongea Kiswahili cha Goma, alikozaliwa mama. Damu ilinichemka. Nikamtazama mchumba wangu, nikingoja aseme kitu.

"Shangazi anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema binti yenu iko mupole sana, mama," akajibu, akatabasamu.

Mama alifurahi mpaka akaongeza sambusa. Ningesema ukweli, ningemwaibisha mbele ya wageni wake. Nikanyamaza, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Kwenye geti nilimuuliza mchumba wangu kwa nini hakunitetea.

"Nikutetee aje?" akasema. "Na we mwenyewe haukusema kitu."

Nilirudi ndani nikamkuta mama kwenye simu, akimweleza dada yake wa Goma jinsi nilivyosifiwa. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, yule alisema mi niko kama supu bila chumvi."

Akaiweka simu chini. "Na mchumba wako alisikia?"

"Alisikia. Ni ye alikudanganya."

Akaanza kukusanya vikombe vya wageni.

"Mutu anaogopa shangazi yake hivi," akasema, "siku watakufukuza kwao, ataongea nini?"