Apiyo wa Tableti na Watoto Wasiohesabiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Ndhiwa, Mwalimu Mkuu alinikabidhi sanduku la tableti akaniuliza watoto wa chekechea waliofika ni wangapi. Nikaanza kumtajia: Akoth, Odoyo, Atieno wa kinyozi, Atieno mwingine, mpaka wakaisha.

"Mama, nimeuliza idadi," akasema, "sikuuliza ukoo."

"Idadi utaitoa wewe, Mwalimu. Mimi nimekupa wote."

Alicheka, akaniacha. Mimi shule niliacha darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kupika uji, kuchaji tableti kwa paneli ya sola, na kupangusa vioo, maana mtoto akila uji na tableti inakula. Ndani ya tableti aliishi Apiyo, msichana wa kuchorwa, nywele za mistari. Alizungumza Dholuo na Kiswahili. Mtoto akikosea hakumcheka wala kumfinya sikio, alipepesa macho, akasema, "Jaribu tena, sina haraka." Walimu wangu mimi walikuwa na haraka sana. Nikipangusa vioo nilikuwa nikijaribu pia, na herufi ninazoandikia haya nyingi amenipa yeye.

Baadaye nilihamishiwa Rodi Kopany. Huko nilimpata Awino, mtoto mpole, mdogo wake Ouma akiwa amelazwa hospitalini Homa Bay. Muhula huo Apiyo alileta somo la hesabu: "Nyumbani kwenu mko watoto wangapi? Gusa namba." Wengine waligusa yoyote ili wimbo ucheze, Okoth alijipatia ndugu tisa, na kwao hata nusu ya hao hawapo. Awino alikunja mikono. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Majibu yalikuwa yakienda ofisini kwa mtandao, na kwa jina la Awino zilienda nafasi tupu.

Afisa wa mradi wa tableti akaja, kijana mwenye adabu, akasema huyu hajui namba, atarudia chekechea wenzake wakienda gredi ya kwanza. Awino akasikia. Machozi yalimtoka bila sauti.

Nikaenda jikoni, nikaleta konzi ya punje za mahindi, nikamwaga mezani. "Hesabu hizi, nyar wa, binti yetu." Akazihesabu zote, hata iliyoanguka chini akaifuata.

Afisa akachuchumaa. "Sasa kwa nini Apiyo hukumjibu?"

"Dani alinikataza," Awino akasema. Dani ni nyanya. "Ouma ni mgonjwa."

Nikamweleza yule kijana kwamba kwetu watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unakionyesha kifo pa kuanzia. Na mtoto huyu, nduguye yuko kitandani, mashine inamwomba namba kila asubuhi.

Akaniita mimi nami nyanya: "Dani, kosa ni letu," akaandika kwenye daftari lake. Awino hakurudia chekechea. Muhula uliofuata Apiyo alihesabisha mahindi na dagaa wa omena, na kuhusu nyumbani aliuliza tu, "Nyumbani kwenu kuna nani?" Ouma alikuwa amesharudi. Awino, ingawa sasa alikuwa gredi ya kwanza, alikuja mbio wakati wa mapumziko, akashika tableti, akamtaja Ouma kwanza.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii: mimi namheshimu Apiyo. Alifundisha bila kuchoka, na alipoambiwa amekosea, alibadilika. Mabosi niliowapikia chai miaka hiyo, si wote waliweza hilo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ntimaru, na huko nilimkuta Apiyo ameshajua kusalimu kwa Kikuria kabla yangu. Siku ya kustaafu, Mwalimu Mkuu wa huko, mama wa makamo, alisimama mbele ya wazazi akaniuliza ni watoto wangapi wamepita mikononi mwangu miaka yote hiyo.

Nikasimama, nikashika meza.

"Akoth," nikasema. "Odoyo. Atieno wa kinyozi. Atieno mwingine."

Chai ilipoa vikombeni. Hakuna aliyenikatiza.