Yungiyungi Chini ya Upenu

Kosa nitakalolisimulia ni lile la kumwahidi mgonjwa jambo lisilokuwa mikononi mwetu, kisha kuipa ahadi hiyo jina la huruma. Nalitaja mapema ili msomaji asije akalitafuta kwa watu waovu. Katika nyumba yetu hapakuwa na mtu mwovu. Palikuwa na watu waliopenda sana na wakakosea kwa sababu ya kupenda, jambo ambalo halipunguzi kosa hata kidogo.

Masika yaliyopita nilipita nyuma ya soko la Ujiji, mahali yanapopangwa mapipa matupu ya mawese. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile. Ndani ya pipa moja lililokatwa nusu maji yalikuwa yamesimama, na jua lilipoyapiga yakatoa harufu ya mafuta yaliyochacha ikichanganyika na tope. Mpita njia mwingine angeziba pua akaenda zake. Mimi nilishika ukingo wa pipa, nikainama, nikavuta pumzi mpaka kijana mwenye mapipa akaniuliza, "Shikamoo mama. Umeangusha kitu?"

Sikuwa nimeangusha kitu. Nilikuwa nimerudi kwenye dirisha la Zaituni.

Zaituni alikuwa mdogo wangu, wa pekee. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa, lakini kwa miaka ya mwanzo ubovu huo ulijificha, na tulicheza pamoja ufukweni, katikati ya dagaa walioanikwa mchangani, tukifukuzwa na wanawake wenye dagaa wao. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Pumzi ikawa fupi. Akawa halali ila ameegemezwa mito, na chumba cha uani chenye dirisha kubwa kikafanywa chake. Daktari alikwisha kuwaita wazazi wetu kando na kuwaambia neno ambalo mimi sikulisikia. Niliona tu kwamba tangu siku ile Mama aliacha kumgombeza Zaituni kwa jambo lolote, na Zaituni, aliyekuwa mjanja kuliko mimi, aliliona hilo kabla yangu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Alikwenda mara kwa mara bonde la Luiche, kwenye michikichi, na zamani, Zaituni alipokuwa bado anaweza kusafiri, alimchukua pamoja naye. Huko mtoto aliona mayungiyungi yakiwa yamefunika maji yaliyotuama, maua ya samawati yenye kiini cha manjano, na kwa muda mrefu baadaye hakuwa na habari nyingine. Alipougua, Baba akamletea yungiyungi lenyewe: kiazi cheusi, kibaya kwa sura, kilichofungwa ndani ya jani la mgomba lililoloweshwa. Akalikata nusu pipa moja tupu la mawese kwa msumeno, akatia tope la bondeni, akakipanda kiazi, akajaza maji. Kisha akalisogeza pipa lile chini ya upenu, mbele ya dirisha, ili mgonjwa alione bila kuinua kichwa.

Hapo palikuwa pazuri. Hapo ndipo palipotuangamiza.

"Nitapona lini, Baba?" Zaituni aliuliza siku hiyohiyo.

Baba alikuwa na ulimi wa sokoni. Kimya kilimtisha kuliko hasara. Alilitazama pipa, akalipiga kofi kama mtu anayesifu bidhaa yake, akasema, "Unaliona hili? Siku litakapochanua, nawe utakuwa umesimama mlangoni, unaniita nije nitazame."

Alisema hivyo huku akicheka, na hakukumbuka kwamba watoto hawasikilizi kicheko bali maneno. Tangu siku ile nyumba nzima iliwekwa chini ya utawala wa pipa.

Mama alikuwa mwanamke wa usafi, na katika usafi wake hapakuwa na suluhu. Alishikilia kwamba maji yaliyolala hayafai hata kuoshea miguu. Kila Alhamisi alasiri, akiitayarisha nyumba kwa Ijumaa, aliyachota maji ya pipa kwa kata, akasugua ukingo kwa mchanga kama anavyosugua birika la kutawadhia, akamimina maji mapya ya ziwani, baridi, meupe, yanayong'aa. Lile gamba la manjano la mawese lilikuwa likitoka kwenye mabati siku zote, na siku zote alilifuata kwa kitambaa. Mmea ulipewa heshima zote isipokuwa utulivu. Hata hivyo ulijitahidi. Ulitoa majani, madogo, ya mviringo, yenye vikonyo virefu vilivyonyooka kuelekea uani kama mikono ya watu wanaoomba.

Tulikuwa na vichekesho vyetu pia. Msidhani nyumba ya mgonjwa hulia kutwa. Chura mmoja alihamia pipani, akawa anakaa ukingoni ameyakodolea macho maji, na Zaituni akamwita Bwana Afya, kwa sababu alifanana na bwana afya wa mtaa wetu anapokagua mitungi ya watu. Majirani wakapata la kusema. "Baba Hadija," walimwambia Baba akipita, wakimwita kwa jina langu, "mwaka huu unauza mawese au vyura?" Baba aliwajibu, "Nauza vyote, ila vyura ni kwa wateja wa zamani tu." Zaituni alicheka mpaka pumzi ikamkatika, na Mama akaja mbio, na kicheko kikaishia hapo.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Kiha, Mkristo, tuliyemwita Mama Bukuru. Alizaa pacha, Bukuru na Butoyi. Bukuru alifariki akiwa mdogo, lakini yeye alikataa kuitwa kwa jina la aliyebaki. Alilima mpunga huko Luiche, na usemi wake ulikuwa wa polepole, kama mtu anayepanga maneno kwanza mezani. Siku moja aliingia uani, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nasi tukamwitikia. Alisimama mbele ya pipa muda mrefu, mikono nyuma.

"Hili halitachanua hapa," alisema. "Linapata majani tu. Jua halifiki chini ya upenu."

"Litachanua," Baba alijibu.

"Lisogezeni pale katikati ya ua. Na maji muyaache yalale, Mama Hadija."

"Likisogezwa, mtoto atatazama nini?"

"Atatazama ukuta, kama sisi wengine. Lakini ua litatoka."

Baba alitikisa kichwa. "Hapana. Lazima alione."

"Basi mwache alione," Mama Bukuru alisema, na sauti yake ikashuka kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, "ila usimwambie litamfanyia nini."

Baba alichukizwa. Alisema, mgeni alipokwisha kuondoka, kwamba wako watu waliozoea misiba mpaka wanaitafutia wengine.

Msimu ulipita. Zaituni akawa mwepesi, uso wake ukawa macho matupu. Kila asubuhi neno lake la kwanza lilikuwa moja: "Dada, tumba?" Nami nilichungulia kati ya majani nikamwambia bado. Siku nyingine aliuliza huku akitazama pembeni, kama mtu anayeuliza habari za deni la mwenzake. Baba alianza kupita mbali na dirisha.

Kisha ikaja asubuhi ya Baba kuita kutoka uani. Tulitoka mbio. Katikati ya majani, juu ya maji, limesimama ua la samawati, limefunguka, kiini chake cha manjano kikiwa kama taa ndogo ya karabai. Mama alipiga kigelegele, akajiziba mdomo kwa mkono, akalia. Majirani walikuja. Baba alikuwa na tope mpaka magotini, na hakuna aliyemwuliza limetoka wapi.

Zaituni alitabasamu. "Nimeliona, Baba," alisema. Alilitazama asubuhi nzima. Mchana ua lilijifunga, na Baba akaeleza, kwa haki, kwamba ndiyo desturi yake. Kesho yake lilifunguka nusu. Alasiri lilikuwa limelala upande juu ya jani. Nyumba ilikuwa kimya. Baba yuko sokoni, Mama kajinyoosha kidogo kwenye mkeka.

"Dada, nipe nilinuse," Zaituni alisema.

Nilinyoosha mkono nikalivuta taratibu, nikitegemea ukinzani wa mizizi. Hapakuwa na ukinzani wowote. Kikonyo kilikuja chote mkononi, na mwisho wake ulikuwa umekatwa mshazari, safi, kwa kisu.

Mimi nilibabaika, nikadhani nimelivunja. Zaituni alilichukua, akaugusa ule mkato kwa kidole gumba, akaugusa tena. Hakulia. Alinirudishia.

"Lichomeke palepale," alisema. "Baba asijue."

Jioni Baba aliporudi, mdogo wangu alimwita, akamwambia kwa sauti ambayo naisikia hadi leo, "Baba, leo naona nafuu." Baba akatoka kwenda kuwatangazia watu barazani.

Kwa muda nilifikiri nilikuwa nimeona mzaha wa watu wawili wanaofichana zawadi. Nilikuwa mkubwa kwa umri, si kwa akili. Siku zilizofuata alijitahidi kula mbele yao, na chakula kikamrudia wakiisha kutoka. Alijibu "sijambo" kwa kila aliyeingia. Akaacha kuniuliza habari za tumba, na Mama akaona hiyo ni dalili njema. Kisha akaniomba nikamwite Mama Bukuru.

Mama Bukuru alikuja na ungo wake wa mchele, akaketi chini kando ya kitanda, akaendelea kuchambua. Nilikuwa mlangoni.

"Mama Bukuru, mimi nitakufa?"

Vidole vilisimama ndani ya mchele. "Naona hivyo, mwanangu," alisema. "Siku siijui. Hakuna aijuaye."

Nilitaka kupiga kelele. Zaituni aliachia pumzi ndefu, ndefu kuliko zote nilizomsikia akivuta mwaka ule, na mabega yake, ambayo sikuwa nimetambua kwamba yalikuwa juu wakati wote, yakashuka. Ndipo akalia. Alilia kama mtoto, kwa kelele, na kamasi, akasema anaogopa shimo, anaogopa giza la humo. Na yule mwanamke aliweka ungo kando, akampakata, asimwambie nyamaza. Baadaye Zaituni aliuliza Bukuru alikufaje, naye akasimuliwa yote. Tangu siku hiyo Mama Bukuru alikuja kila alasiri, na alasiri ndiyo ilikuwa saa pekee mdogo wangu alipopewa ruhusa ya kuwa mgonjwa.

Jambo moja tu Zaituni aliomba: pipa lisogezwe juani. "Mimi nimekwisha kulitazama," alisema. Mama Bukuru na Mama walilisukuma hadi katikati ya ua. Baba alipouliza nani kaamuru, Mama, aliyekuwa amesikia maneno yale na kilio kile kupitia ukutani, alimwambia yote. Baba alikwenda mlangoni kwa jirani, akasema mbele ya watu, "Umemkatia mtoto wangu tamaa."

Zaituni alifariki asubuhi moja ya wiki ileile, akazikwa alasiri.

Tulipomaliza arobaini, yungiyungi lilitoa tumba. Jua lilikuwa limelifikia, na kwa majonzi Mama alikuwa amesahau Alhamisi zake, maji yakalala. Ua lilifunguka likiwa kubwa kuliko lile la kisu. Baba alilitazama kidogo. Kisha akashika ukingo wa pipa kwa mikono miwili, akalipindua; maji, tope, kiazi, vyote vikaenda uani, na kuku wakaja kuchakura. Hakusema na Mama Bukuru tena maisha yake yote. Alipofariki mama yule, nilikwenda maziko peke yangu, na huko, kwenye msalaba wa mbao, ndipo nilipolisoma jina lake.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa nilichokiona dirishani. Tulimwachia mtoto wa miaka saba kazi ya kututunza. Alipaswa kuogopa, nasi tukamnyang'anya hata nafasi ya kuogopa, maana kila hofu yake ingekuwa imeivunja ahadi ya baba yake. Alikufa akiwa amechoka, na sehemu ya uchovu ule haikutoka moyoni mwake mbovu bali kwetu. Sijapata hoja ya kulifuta jambo hilo, na sasa siitafuti.

Baba naye alilala katika chumba kilekile, mzee, miguu imevimba. Nilimuuguza mimi. Alasiri moja alinishika mkono akauliza, "Hadija, nitapona?"

Ulimi wangu ni wa kwake. Maneno matamu yalikuwa tayari. Nikasema, "Naona hapana, Baba. Siku siijui."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Uani kuku walikuwa wakichakura.

"Yule jirani," alisema hatimaye. "Mama Bukuru. Jina lake hasa lilikuwa nani?"

Nikamwambia: Skolastika.